Ahadi za Mama Alima

Juma la kwanza la Septemba, ukiitafuta gardienne ile ya Kamalondo, shule ya watoto wadogo, huna haja ya kuuliza njia. Fuata kilio tu. Watoto wa miaka mitatu waliovikwa sare zenye mikunjo ya dukani, kamasi zimeshafika mdomoni, wameng'ang'ania shingo za mama zao na hawataki kusikia la mtu. Na hao mama, watu wazima wenye akili zao, wanafanya jambo la aibu. "Niko naenda kukutafutia biscuit, papa, nakuya sasa hivi." Mtoto akigeuza uso kutazama bembea, mama ameshachomoka, ameshavuka barabara, na wengine huko ng'ambo wanacheka kwa kuwa wamefanikiwa. Mtoto akigeuka tena, hakuna mama wala biskuti. Ndilo somo la kwanza analopewa shuleni, na yako mengi atakayoyasahau kabla ya hilo.

Mama Alima alilichukia somo hilo kuliko kitu chochote. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa moja: kusimama langoni asubuhi, kuwapokea watoto wapya na kukaa nao mpaka waizoee shule. Hakuwa mwalimu. Walimu walikuwa ndani na chaki zao na nyimbo zao za Kifaransa. Yeye alikuwa mtu wa mlangoni, mwanamke mnene kiasi, kilemba kimefungwa vizuri, na mwenye mikono ambayo mtoto akishatua humo alipunguza kelele bila kujua kwa nini. Mama aliyetaka kutoroka ilimbidi kwanza apite mbele yake.

"Mama, kuya hapa," angemwambia, bila kupandisha sauti. "Ukitoroka leo, kesho atalia mara mbili. Inama. Umuangalie mu macho. Umwambie: niko naenda, utakula, utalala kiloko, kidogo tu, nitarudia. Halafu uende. Usigeuke."

Baadhi walinuna. Wengine walimwona ana kiburi, yeye asiye na hata diploma, kuwafundisha jinsi ya kuagana na watoto waliowazaa wenyewe. Lakini waliinama. Na mama akishaondoka, Alima alimbeba mtoto mgongoni kwa kitenge, akazunguka naye uani akimrudia maneno yaleyale, polepole, bila kuchoka: "Mama iko naenda, mama atarudia. Ukikula, ukilala, mama anakuya." Haikuwa hadithi ya kumnyamazishia. Chakula kililiwa, usingizi ulilaliwa, na kweli mama alikuja. Kesho yake vilevile. Taratibu mtoto aligundua kwamba mwanamke huyu akisema jambo, linakuwa, na kilio kilikwisha chenyewe. Ahadi ni deni, na Alima hakuwahi kulala na deni la mtoto.

Alizaliwa hapohapo Kamalondo, katika ukoo uliotoka Kasongo huko Maniema zamani za mababu, watu wa msikiti na cherehani. Mumewe Aboubakar bado anashona kanzu barazani, miwani imeshuka puani, redio inazungumza peke yake. Binti yao Mounira ameolewa Likasi. Shule yenyewe ilikuwa ya Wakristo, na wazazi wengi walikuwa Wakristo wenye asili ya Kasai, watu wa biashara na wa masomo. Hayo hayakumsumbua mtu. Kilio hakina dini, na anayekibembeleza hakuna anayemuuliza anaswali wapi.

Ila kwa neno moja tu. Zamani Alima alipowaambia watoto kwamba mama atarudi, alimalizia kama alivyofundishwa na mama yake, kama anavyomalizia kila mtu wa nyumbani kwao anayeitaja kesho: Inshallah. Watoto wakaliokota neno. Siku moja mzazi mmoja, mzee wa kanisa, alifika ofisini amevimba. Nyumbani kwake walikuwa mezani, yeye akawatangazia wanawe kwamba Jumapili watakwenda ibadani, na yule mdogo kabisa akajibu kwa adabu zote, "Inshallah."

Mkurugenzi, Madame Madeleine, alicheka kwanza mzazi alipoondoka. Halafu akamwita Alima. Hakuwa mtu mbaya, Madame Madeleine. Alikuwa mtu aliyependa mambo yawe yamenyooka.

"Mama Alima, mi sina shida na dini yako, unajua," alisema. "Lakini fikiri kiloko. Mutoto iko nalia, anataka kujua kama mama atakuya. Wewe unamujibu: atakuya, kama Mungu anataka. Ile si jibu. Mutoto anahitaji certitude, kintu ya hakika."

Alima alitoka ofisini amekasirika, kisha njiani kwenda nyumbani akaanza kuona kwamba Madame ana hoja. Ni kweli, mtoto wa miaka mitatu afanye nini na "kama"? Basi akaliacha neno. Mwanzoni ulimi ulijikwaa, baadaye ukazoea. Akaona hata watoto wanatulia upesi zaidi. Alipomsimulia mumewe, Aboubakar alisimamisha cherehani.

"Kesho haina ya kwako, mama Mounira," alisema. "Juu ya nini uko naigawa?"

"Ni batoto, baba Mounira. Beko wanaogopa."

"Njo maana," alisema Aboubakar, akarudi kwenye kanzu yake.

Alima alimwona mumewe amezeeka, ameanza kuhubiri. Wanawake wana njia yao ya kutosikia, naye aliitumia. Miaka ikapita na kila mama akarudi, na ukishaona jambo linatimia miaka yote hiyo, nani atakuambia si wewe unayelitimiza?

*

Mwaka ule alikuja Christiane, amemshika Michée mkono.

Christiane alikuwa msichana bado, ukimtoa mtoto. Alisuka nywele za watu katika saluni moja ya mtaani, na aliishi katika mtaa wa Kenya, hapohapo mjini, na mama yake, Ntumba, aliyeuza sombe, yaani majani ya muhogo, na mafuta ya mawese sokoni. Baba yake Michée alikwenda kutafuta kazi Kolwezi kabla mtoto hajaota meno, na habari zake zilikomea hukohuko. Mtoto alikuwa mwembamba, mwenye paji la uso kubwa, na hakulia. Hilo ndilo lililomshtua Alima. Alishika sketi ya mama yake kwa mikono miwili, akatetemeka kimyakimya.

"Huyu njo mgumu," Alima alimwambia Christiane. "Benye kulia si kazi. Huyu atatuomba siku mingi."

"Nitafanya yote unaniambia, mama," alisema Christiane.

Na alifanya. Ah, wazazi wote wangekuwa kama yule. Asubuhi ya kwanza alikaa kwenye benchi la uani mpaka watoto walipokwenda kulala. Siku zilizofuata alikaa muda mfupi zaidi, kila siku mfupi zaidi, kama Alima alivyomwelekeza. Aliinama, akamtazama mwanawe machoni, akasema maneno yote, asiruke hata moja. Hakugeuka njiani. Mchana alikuwa wa kwanza langoni. Alifuata maagizo kama mgonjwa anavyofuata dawa, na Alima akaanza kumtolea mfano kwa mama wengine, mbele yao, hata wakamchoka. "Muangalie mama Michée. Ule ni mutoto tu, lakini anajua kulea."

Michée aliachia kidole kimoja kimoja. Kwanza alikubali kubebwa. Halafu alikubali uji, mradi aupewe na Alima. Siku moja, jua la Oktoba linawaka na vumbi jekundu limejaa hewani, Christiane aliinama kuanza maneno yake, na Michée akamtangulia.

"Enda, mama," alisema. "Nitakula, nitalala."

Akaachia sketi, akaenda kwenye mchanga kuchimba. Alima alijifanya anafunga kilemba upya ili mtu asimwone machozi. Christiane alibaki pale ameinama, mikono mitupu, muda mrefu kuliko alivyofundishwa.

Tangu hapo Michée akawa fahari ya shule. Madame Madeleine alimwonyesha kwa wageni. Alima alimbeba kwa mapenzi tu, maana hakuhitaji tena kubebwa. Na kama moyo wa mtu wa kazi ile unaruhusiwa kuchagua, basi wake ulikuwa umemchagua yule.

Ndipo asubuhi moja Christiane alipobaki langoni baada ya wengine kuondoka.

"Mama Alima, nikuulize kintu. Kama mama anaenda mbali, anakawia siku mingi, tunasema vilevile?"

Alima aliona ni swali la mzazi mwenye bidii. Wasusi husafiri, labda kuna harusi Likasi, labda anakwenda kununua nywele Kasumbalesa.

"Vilevile," alijibu. "Umwambie mu macho. Usilie mbele yake. Na usirudie nyuma, hata akikuita. Ukirudia nyuma mara moja tu, umebomoa kazi yote."

"Nasikia, mama," alisema Christiane. "Asante."

Alimshika Alima mkono kwa mikono yake yote miwili, kama anavyoshikwa mtu aliyefiwa au aliyekutoa katika shida. Alima aliufurahia mkono ule siku nzima. Mungu amsamehe, aliufurahia.

*

Asubuhi aliyoondoka, Christiane alikuwa amesuka upya, na alibeba begi kubwa ambalo Alima hakuliuliza. Aliinama mbele ya mwanawe kama siku zote.

"Michée, mama iko naenda. Utakula, utalala kiloko, nitarudia."

"Ndiyo, mama."

Alima, pembeni yao, akaongeza kama alivyoongeza kila siku: "Mama atarudia, papa."

Christiane alisimama, akatembea, akavuka barabara. Michée alimwita mara moja, kumwonyesha jani aliloliokota. Hakugeuka. Alifanya yote sawasawa.

Mchana watoto walichukuliwa mmoja mmoja. Michée alikaa kwenye ngazi na mkoba wake magotini, akingoja bila wasiwasi. Walimu waliaga. Mlinzi alifunga lango moja akaacha lingine wazi. Jua lilikuwa limeshateremka upande wa reli ndipo alipotokea Ntumba, bibi yake, bado na harufu ya mawese nguoni, akitembea kama mtu anayekwenda kuomba radhi.

"Mama Alima, tusogee mbali na mutoto kiloko," alisema. Wakasogea ukutani. "Christiane ameenda Kambove. Kuko bwana kule, muntu ya mine, ya mgodi, amemuoa. Anataka mwanamuke asiye na mutoto ya mwingine. Basi."

"Atarudia lini?"

"Mama, nimekwambia amemuoa." Ntumba alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Mi pia nilikataa. Nilimwambia: mutoto atakufa na kulia. Akanijibu: hapana, mama, hatalia. Mama Alima wa gardienne alimutayarisha muzuri."

Maneno mengine yanaingia mwilini kabla hayajaingia akilini. Alima alishika ukuta. Alifikiri juu ya lile benchi, juu ya asubuhi zile fupi na fupi zaidi, juu ya mwanamke kijana aliyerudia kila neno bila kuruka. Alidhani anamfundisha mtoto kuachwa kwa saa chache. Kumbe aliyekuwa akijifunza ni mama, na alijifunza kuacha.

Michée alikataa kuondoka na bibi yake. Hakupiga kelele. Alieleza tu, kama anavyoelezwa mtu asiyeelewa: "Kaku, hapana. Mama atarudia. Mama Alima alisema." Ntumba alimbeba, naye akaketi mkononi mwa bibi yake wima, akitazama nyuma, langoni, mpaka walipokata kona. Ni kweli. Hakulia.

Sikiliza sasa kilichofuata, maana kilio kingekuwa nafuu. Michée alikuwa ameambiwa kwamba akila na akilala, mama anakuja. Alikula, akalala, mama hakuja. Mtu mzima angesema nimedanganywa. Mtoto alisema labda sikula vya kutosha. Kesho yake alimaliza bakuli, akafuta kwa kidole, akaonyesha. Saa ya kulala alikuwa wa kwanza mkekani, amefumba macho kwa nguvu mpaka uso mzima umekunjamana, anaulazimisha usingizi. Alipoamka alikwenda moja kwa moja kwa Alima.

"Nilikula yote. Nililala. Mama iko wapi?"

"Kaku njo anakuya leo, papa."

Alitafakari. "Kesho nitakula mingi," alisema.

Na alikula mingi. Aliomba sahani ya pili, akaila huku machozi yanamlengalenga kwa kushiba. Madame Madeleine alipita, akampapasa kichwa. "Vous voyez? Anakula, analala, halie. Bien adapté, ameshazoea muzuri. Mama Alima, félicitations." Kama mtu angemchoma Alima kwa mkaa isingemuuma kama pongezi zile.

Aliomba namba ya simu kwa Ntumba, akampigia Christiane kutoka nyuma ya jiko la shule.

"Ni mimi, Mama Alima."

"Ah, mama." Sauti ilishuka. "Michée iko malade? Anaumwa?"

"Hapana. Iko nakungojea."

Upande wa pili ilisikika redio, na mwanamume akicheka na mtu. "Iko nalia?" Christiane aliuliza.

"Halie. Iko nakula mpaka anaumwa tumbo, juu ulimwambia akikula utarudia."

"Lakini halie," alisema Christiane, na katika sauti yake mlikuwa na kitu kilichoshika pale, kwenye neno lile, kama anayeshika kamba. "Unaona, mama. Ulinisaidia sana. Mungu akubariki."

"Christiane, mwanangu. Kuya umuage. Umwambie kweli, hata mara moja."

"Bwana anajua ule mutoto ni ndugu yangu," alinong'ona Christiane. Mwanamume aliuliza kitu, naye akajibu kwa sauti ya juu na ya furaha, "Ni mama ya masomo, juu ya ndugu yangu!" Kisha akarudi chini. "Usipige tena ku hii numéro, mama. Tafadhali."

Usiniulize kama Christiane alikuwa mbaya. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo, na mlango mmoja tu ulifunguliwa mbele yake, tena wa mtu mmoja. Nakuuliza mimi: yule bwana wa Kambove, aliyeweka sharti hilo kama anavyoweka mtu sharti la kununua kiti, nani amewahi kumwinamisha mbele ya mtoto aseme anachokifanya?

Alima alimwambia Ntumba kwamba mtoto lazima aambiwe. Ntumba aliweka chini beseni lake.

"Mama, nakuomba. Umuache. Mutoto anasahau. Mi pia mama yangu aliniacha ku nkambo, kwa kaku yangu, hakuna muntu aliniambia kintu, niliishi. Siku moja nilikuwa nimesahau kumungojea, njo ile tu. Usimupasue moyo."

Kule nyumbani Aboubakar alisikiliza habari yote mpaka mwisho. Alima alingoja amwambie "nilikuambia". Angemwambia, angalau wangegombana. Mume alimmiminia chai tu, akamsogezea sukari, na wema huo ulimwelemea zaidi.

Siku Michée alipotapika, Alima alikata shauri. Mtoto alikuwa ameomba sahani ya tatu, akapewa nusu kwa kuwa anapendeza akila, na yote yakarudi mkekani. Alipokuwa akimwosha bombani, Michée alianza kutetemeka kama siku ya kwanza.

"Imetoka," alisema. "Sasa mama hatakuya."

Alima alifunga bomba. Akamkalisha kwenye ukingo wa saruji, akainama mpaka macho yao yakawa sawa. Alikuwa amewafundisha nusu ya wanawake wa Kamalondo kuinama hivyo.

"Michée, papa. Usikilize. Mama alienda mbali. Hatakuya leo. Hatakuya kesho. Haina juu ya chakula. Hata ukikula, hata usikule, haina kosa yako."

"Atakuya nikilala."

"Hapana, papa."

"Wewe ulisema."

"Ndiyo. Nilisema. Sikujua."

Mtoto akajitoa mikononi mwake, si kwa hasira, bali kama mtu anayeteremka kwenye kiti ambacho si chake. Akaenda kukaa chini ya dirisha la darasa, akampa mgongo.

Asubuhi iliyofuata, kilio kilisikika toka kona ya barabara. Ntumba alikuja akimvuta Michée, na Michée alikuwa akilia kama ambavyo hajawahi kulia, kwa mwili mzima, amejitupa chini kwenye vumbi. Walimu walitoka. Alima alikimbilia langoni, mikono mbele, na alipomkaribia ndipo kila mtu alipoona. Mtoto hakuwa akimlilia bibi. Alikuwa akimkimbia Alima.

*

Madame Madeleine alimpokea ofisini bila kumkalisha.

"Uliambia mutoto ya miaka tatu kama mama yake alimutupa. Wewe, Mama Alima. Mi sielewe. Ni cruauté, ni ukatili."

"Sikusema alimutupa, Madame. Nilisema hatarudia."

"Na mi nilikuambia wapi useme vile?"

Jibu lilikuwepo. Certitude, Madame, mtoto anahitaji certitude, nilimpa. Lakini Alima alikuwa mtu wa haki hata pale ilipomkata mwenyewe, na alijua kwamba neno lile la mama yake, Inshallah, hakunyang'anywa na mtu. Aliliacha kwa hiari, kwa sababu ilikuwa vizuri kuaminiwa kama Mungu. Basi akanyamaza. Ntumba naye alikuwa pale mlangoni, na hakumtazama. "Nilikuomba," alisema tu, na akaondoka kwenda sokoni.

Hakufukuzwa. Watu wa miaka mingi hawafukuzwi, huhamishwa. Alima alipelekwa jikoni, kupika uji na maharagwe, na langoni akawekwa Abigaël, msichana aliyetoka juzi tu kwenye masomo ya ualimu, mwenye sauti nzuri na simu yenye picha za katuni. Siwezi kumsema vibaya Abigaël. Watoto walimpenda, na yeye aliwapenda. Mama walirudi kutoroka, ndiyo, lakini msichana alikuwa na dawa ya haraka. Alimwona Michée hali wala halali, akamwonea huruma kama ambavyo mtu yeyote mwenye moyo angemwonea. Siku moja akaiweka simu sikioni, hakuna mtu upande wa pili, akazungumza kwa sauti.

"Allô, maman Christiane? Ah, uko nakuya Noeli? Na kinga? Ya rouge? Sawa, nitamwambia Michée."

Akamgeukia mtoto. Mama anakuja Krismasi, na baiskeli nyekundu. Alima aliyasikia yote kutoka jikoni, mwiko mkononi.

Na dawa ilifanya kazi. Jamani, ilifanya kazi. Michée alirudi kwenye mchanga. Alicheka. Alikula kama mtoto, kiasi cha mtoto, akalala mdomo wazi. Ntumba alimletea Abigaël karanga za kuchemsha katika karatasi, na Madame Madeleine akasema mbele ya walimu kwamba mara nyingine elimu mpya inapita uzoefu. Mvua zilikuwa zimeanza, maji mekundu yalitiririka uani, na kila mtu alikuwa na amani isipokuwa mwanamke mmoja jikoni aliyejua tarehe.

Alifikiria kumwambia Abigaël. Amwambie nini? Kwamba Noeli itafika? Msichana angejibu kwamba wakati huo mtoto atakuwa amesahau, kama wote wanavyojibu. Alifikiria kumwambia Michée, na mwili wake wenyewe ukakataa. Alishamwambia ukweli mara moja, na alikuwa ameona ulivyomfanyia.

Siku ya mwisho kabla ya likizo, mlango wa jiko ulisukumwa. Michée alisimama pale na bakuli lake tupu. Tangu siku ile ya bombani hakuwahi kumsogelea. Alikuwa amenenepa mashavu kidogo. Alimtazama Alima bila woga na bila chuki, kwa utulivu wa mtu aliyekuja kusahihisha jambo.

"Mama Alima," alisema, "wewe njo ulisema bongo, ulidanganya. Mama anakuya Noeli."

Alima aliweka mwiko chini. Majibu yalikuwa mawili tu duniani, na Alima alishampa mtoto huyu yote mawili. Moja lilimfanya angoje na lingine lilimfanya akimbie. Sasa amerudi mwenyewe, kwa miguu yake, na anangoja jikoni.

"Ndiyo, papa," alisema. "Nilisema bongo."

Michée aliridhika. Alitikisa kichwa kumwonyesha kwamba yamekwisha, hana kinyongo, kisha akamnyooshea bakuli kwa mikono miwili. Alima akamjazia maharagwe.